Kabati langu la vitabu limepasuka na rafu zimebonyea: kosa ni la mbao, la mikono au la hewa ya Arusha?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mhandisi wa programu, nafanyia kazi nyumbani hapa Njiro, Arusha. Kutwa nzima macho yako kwenye kompyuta, kwa hiyo nimejiwekea mambo matatu ya kunitoa humo: Jumamosi useremala, Jumapili kutembea kwa miguu kwenye misitu na vilima vya kuzunguka Meru, na usiku kusoma. Vitabu vilipokosa pa kukaa, mwezi wa nne nikaamua kuvitengenezea kabati. Nilinunua mbao za paini, inchi moja kwa nane, zikapigwa randa palepale dukani, na kazi nikaianza siku hiyohiyo. Kabati lina upana wa sentimita 120 na kimo cha mita mbili, na rafu zinavuka upana wote bila nguzo ya katikati. Mgongo ni mbao sita nilizounganisha kwa gundi, kisha nikazipigilia misumari kwenye fremu pande zote nne. Vanishi nilipaka upande wa mbele tu. Lilipendeza sana. Sasa ni mwezi wa tisa: mgongo una nyufa mbili, moja kidole kinaingia, na rafu zimebonyea katikati. Fundi wa mtaani anasema niongeze misumari. Rafiki yangu anasema paini si mbao, ninunue mbao ngumu. Mke wangu anasema tununue kabati la chuma, tuna mtoto wa miaka mitatu na hili anaanza kuliogopa. Mimi nafikiria kununua msumeno wa meza wa umeme, labda vipimo vyangu ndivyo vibovu. Nimekosea wapi? Au niachane na useremala, nibaki na kutembea na kusoma?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeandika vizuri, na umeweka mambo ambayo wengi huyasahau: mwezi uliojenga, mwezi uliopasuka, na upande uliopaka vanishi. Kwa hayo matatu peke yake ningeweza kukujibu kwa sentensi moja: ulijenga kwa mbao mbichi wakati wa masika, ukaifunga isiweze kusogea, ukaipa mzigo kabla haijakauka. Vipimo vyako havina kosa. Msumeno wa laki kadhaa ungekukatia vilevile ulivyokata, ila kwa haraka zaidi, na kabati lingepasuka palepale. Lakini jibu fupi halitakusaidia katika kabati la pili, kwa hiyo tukae kidogo.

Mbao ni fungu la mirija midogo sana iliyolala kufuata urefu wa mti. Mti ukiwa hai, maji yamejaa ndani ya mirija na pia yameloweka kuta zake. Mti ukipasuliwa, maji ya ndani ya mirija ndiyo yanayotangulia kutoka, na katika hatua hiyo ubao unapungua uzito tu, haubadiliki umbo. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika: ubao umekaa wiki mbili, umekuwa mwepesi, uso wake mkavu, mtu anasema tayari. Kumbe bado. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito mkavu wa ubao, ndipo maji ya ndani ya kuta zenyewe yanapoanza kutoka, na kuta zikipungua unene, ubao unasinyaa. Kusinyaa huko hakukomi mpaka unyevu wa ubao ulingane na hewa inayouzunguka.

Na hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu, ubao wa kawaida haupungui kiasi cha kukusumbua. Kwa upana unapungua, na unapungua karibu mara mbili zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji kuliko kwa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Tofauti hii ya pande mbili ndiyo inayoukunja ubao ukawa na umbo la sahani. Tazama ncha ya ubao wowote uliokunjika nyumbani kwako: utaona kana kwamba zile pete zinajitahidi kujinyoosha.

Sasa tuingize namba, maana najua wewe ni mtu wa namba. Kwa paini iliyopasuliwa kawaida, ambayo pete zake zimelala kufuata upana wa ubao, kadiria kwamba kila asilimia nne za unyevu zinazotoka zinapunguza upana kwa asilimia moja. Tuseme ulijenga mbao zikiwa na unyevu wa asilimia 24, na kwa mbao zilizonunuliwa katikati ya mvua hapo nimekuwa mpole. Hewa ya ndani ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 65, ubao hutulia kwenye asilimia 12 hivi. Umepoteza asilimia 12 za unyevu, yaani asilimia tatu za upana. Ubao wako wa inchi nane ni sentimita 20, kwa hiyo umepungua milimita sita. Mbao sita zilizogundishwa pamoja ni sentimita 120: mgongo mzima ulitaka kupungua milimita 36.

Ulitaka, lakini uliuzuia. Mbao za mgongo zimesimama. Fremu yako ina vipande vya juu na chini vinavyolala, na nyuzi zake zinafuata urefu wake, kwa hiyo vyenyewe havikupungua hata kidogo. Misumari imeishikilia mbao kushoto na kulia isirudi ndani. Kitu kinachotaka kupungua karibu sentimita nne na hakina ruhusa kitafanya nini? Kitapasuka pale kilipo dhaifu kuliko pote. Hizo nyufa zako mbili ndizo ile milimita 36, au sehemu yake, imejitafutia njia. Kama gundi yako ingekuwa mbaya ungeona mbao zimeachana kwenye maungio. Mara nyingi gundi nzuri ya mbao inashinda mbao yenyewe, kwa hiyo ukikuta ufa umepita katikati ya ubao, ujue gundi ulipaka vizuri. Hilo jipongeze.

Kwa hiyo fundi wa mtaani mwambie asante, ila usimpe nyundo. Msumari wa ziada ni kufuli la ziada, nao utaleta ufa wa tatu. Najua kwa nini anasema hivyo: kwenye paa na kwenye mageti misumari mingi haina madhara makubwa, maana kenchi hakuna anayekwenda kuitazama kama ina ufa wa milimita mbili. Samani ni jambo jingine.

Rafiki yako naye ana nusu ya ukweli. Zipo mbao zinazotulia kuliko nyingine, na mninga una sifa hiyo kwa haki yake: husinyaa kidogo sana, ndiyo maana milango ya mninga ya wazee wetu bado inafunga. Lakini utulivu huo hautokani na ugumu. Mkaratusi ni mgumu na mzito, na ukipasuliwa mbichi unapinda na kuchanika mpaka unatia huruma. Paini, kwa upande wake, si mbao ya kudharau. Ni laini kwa randa ya mkono, ina bei ya kumruhusu mtu anayejifunza akosee, na kwa huku kwetu inapatikana kwenye mashamba ya miti ya serikali: Meru/Usa upande wenu, West Kilimanjaro na Rongai upande wetu wa Moshi. Shida yake kubwa sokoni ni kwamba inauzwa ingali mbichi. Paini mbichi inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na mbao yenyewe, au hata zaidi. Ukiona madoa ya bluu au kijivu kwenye ubao wa paini, huo ni ukungu ulioingia wakati mbao ina maji mengi. Hauli mbao wala hauipunguzii nguvu kwa kiasi cha kutisha, lakini unakusimulia kwamba mbao hiyo ilikaa na maji muda mrefu.

Turudi kwenye rafu, maana hapo ndipo kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hawalizungumzii. Rafu kubonyea kunategemea urefu kuliko unavyodhani. Kama kila mita ya rafu inabeba uzito uleule wa vitabu, ukiongeza urefu mara mbili, rafu inabonyea mara 16. Unene nao unarudisha fadhila: ubao ukiwa mnene mara mbili, unabonyea mara nane pungufu. Mita moja ya vitabu vya kawaida hukadiriwa kilo 30. Ubao wa paini wa upana wa sentimita 20, uliobaki milimita 20 baada ya randa, ukivuka sentimita 120 bila nguzo, utabonyea milimita sita au saba siku ya kwanza. Ubao huohuo ukivuka sentimita 80, milimita moja na kidogo. Ukivuka 60, hata jicho kali halitauona. Ndiyo maana ukipita kwenye maktaba iliyojengwa na fundi anayejua, utaona nguzo kila baada ya hatua ndogo. Si urembo ule.

Lakini wewe unaniambia zimebonyea sana, na ninaamini ni zaidi ya hizo milimita saba. Sababu ya kwanza ni kwamba mbao ikibebeshwa mzigo wa kudumu inaendelea kulegea kidogokidogo kwa miezi, hata ikiwa kavu. Sababu ya pili, iliyo nzito zaidi kwako: mbao inayokauka huku imebeba mzigo hulegea kupita ile iliyokauka kwanza ndipo ikabebeshwa. Wakati maji yanatoka kwenye kuta za mirija, kuta hizo ziko katika hali ya kujipanga upya, na zinajipanga kwa kufuata mzigo. Yaani ulipoweka vitabu mwezi wa nne, uliiambia rafu ikaukie katika umbo la kubonyea. Ukiondoa vitabu leo itarudi kidogo tu, kingine kimebaki humo.

Vanishi nayo ina hadithi yake. Wengi wanaamini vanishi inaziba mbao isipitishe maji, kwa hiyo ukishapaka, mambo yametulia. Vanishi inazuia maji ya kumwagika. Mvuke wa hewa inauchelewesha tu, haiuzuii. Na ukipaka upande mmoja tu, upande ulio wazi unakauka haraka kuliko uliopakwa, ubao unakunjika. Siku nyingine paka pande zote, mbele na nyuma, hata pasipoonekana, hata chini ya rafu. Na ncha za mbao upake mara mbili, maana huko ndiko midomo ya ile mirija ilipo, na maji yanatoka hapo kwa kasi kubwa kuliko kwenye uso wa ubao.

Basi tulitibu hilo ulilonalo. Usilitupe. Ngoa misumari ya mgongo taratibu, uutoe mzima. Hapo una njia mbili. Ya rahisi ni kununua plaiwudi ya milimita sita na kuifunga mahali pake. Plaiwudi imepangwa matabaka yenye nyuzi zinazokingamana, kila tabaka linamzuia jirani yake, kwa hiyo karibu haisogei, na misumari ya pande zote nne inaivumilia. Ya pili ni ya mtu anayependa mbao: pasua mgongo kufuata zile nyufa na maungio upate mbao moja moja, zichongee kingo zipandane, ubao mmoja ukilalia nusu unene wa mwenzake, bila gundi hata tone. Kila ubao ufunge kwa skrubu moja juu na moja chini, katikati ya upana wake. Hapo kila ubao unapumua kwa upande wake, na nafasi inayofunguka wakati wa kiangazi inafunikwa na kingo iliyopandana. Mimi ningechagua hii ya pili, kwa sababu mbao zako sasa zimekauka na zimeshalipiwa. Kwa kuwa zimesinyaa utahitaji ubao mmoja wa ziada. Ununue sasa ukae ndani nyumba moja na wenzake mpaka utulie.

Rafu zigeuze chini juu. Ndiyo, hivyohivyo. Tumbo liwe juu, vitabu vilisukume kurudi polepole. Kisha weka nguzo ya katikati, ubao uliosimama kutoka chini mpaka juu, ili kila rafu ivuke sentimita 60. Kama hupendi nguzo, gundisha na kufunga kipande cha mbao chini ya ukingo wa mbele wa kila rafu, kimo chake sentimita tano, nyuzi zikienda upande mmoja na za rafu. Kipande kilichosimama kwa kimo kina ukaidi mkubwa kuliko kilicholala bapa. Nguzo inafanya kazi zaidi, ila kipande cha mbele kinapendeza. Chagua mwenyewe.

Kabati la pili tulijenge kwa mbao kavu, na ukavu huo usiuamini kwa macho wala kwa maneno ya muuzaji. Nakupa kipimo utakachokipenda. Kata kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita mbili au tatu kufuata nyuzi, ukikitoa mbali na ncha, angalau sentimita 30 kutoka mwisho, maana ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime papo hapo kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kiweke kwenye oveni, nyuzi joto 103, ukipime kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kikianza na gramu 150 kikaishia 120, unyevu ulikuwa asilimia 25. Angalia hapo: unagawanya kwa uzito mkavu, si wa mwanzo, ndiyo maana nikakwambia paini mbichi inaweza kupita hata asilimia 100. Samani za ndani kwa hewa yenu ya Arusha, subiri ifike 12, ikizidi sana 14. Na sharti moja: usiweke kwenye oveni ya chakula mbao iliyotiwa dawa. Mbao za paa zenye rangi ya kijani kijani zimetiwa kemikali za kuzuia mchwa, hazifai kuokwa, hazifai kuchomwa jikoni, na sioni sababu ya kuzijengea kabati la chumba chenye mtoto.

Kukausha mwenyewe kunawezekana kabisa nyumbani. Zipange mbao kivulini, pasipopigwa jua wala mvua, ila upepo upite. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene uleule, kila baada ya sentimita 40 hivi, na vijiti vyote visimame kwenye mstari mmoja kutoka chini mpaka juu. Kijiti kikikaa kombo, ubao unakaukia na kombo hiyo. Paka rangi yoyote ya mafuta kwenye ncha ili zisichanike. Juu kabisa weka matofali. Usiharakishe kwa kuanika juani, jua linakausha ngozi ya ubao wakati tumbo bado bichi, na ngozi inapasuka. Kwa paini ya inchi moja hesabu miezi, si wiki. Mizani ndiyo itakayokwambia. Ukinunua mwezi wa sita, mwishoni mwa kiangazi cha upepo utakuwa na kitu cha kufanyia kazi, kabla ya vuli.

Njia nyingine ni kutafuta muuzaji wa mbao zilizokaushwa kwenye tanuri. Wapo, na wanauza ghali, na kwa mtu mwenye kazi ya kutwa kama wewe pengine muda unaookoa unastahili bei hiyo. Lakini hata mbao ya tanuri, ikiwa imekaa uani kwenye mvua za mwezi wa nne, imekunywa tena. Ipime. Vibao vya kiwandani navyo sivisemi vibaya: blokbodi ni nzuri kwa rafu, plaiwudi ni nzuri kwa migongo, MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, inapakika rangi vizuri ila kwa rafu ndefu inabonyea kuliko mbao halisi, haipendi maji na haishiki skrubu vizuri ukingoni. Na kabati la chuma la mkeo halina kosa lolote, litabeba vitabu miaka mingi. Kama shida ni vitabu tu, yeye ndiye mwenye jibu sahihi. Nadhani shida yako si vitabu tu.

Hata mbao ikiwa kavu, haitalala usingizi moja kwa moja. Masika itavimba kidogo, kiangazi itapungua. Ubao au mlango wa upana wa sentimita 40 unaweza kucheza kama milimita tatu kwa mwaka. Ukijenga mwezi wa tisa, acha nafasi hiyo. Ukijenga mwezi wa nne, jua nafasi itaongezeka yenyewe. Mafundi wa Pwani na wa huku bara hawaachi nafasi sawa, na kila mmoja yuko sahihi kwake. Fundi wa Tanga akikwambia umeacha uwazi mkubwa, mwache.

Kuhusu kuacha useremala ubaki na kutembea na kusoma, hapana. Matembezi yako ya Jumapili ni nusu ya somo hili. Ukipita karibu na mashamba ya misaiprasi na mipaini, kwa ruhusa ya wenyewe, tazama visiki. Mti uliosimama kwenye mteremko au uliolala upande, pete zake haziko katikati: upande wa chini ni pana, wa juu ni nyembamba. Mipaini na jamii yake hujisimamisha kwa kujenga mbao ya namna ya pekee upande huo wa chini, nyekundu kidogo, nzito. Mbao hiyo ndiyo inayovunja ile kanuni niliyokupa ya kwamba urefu haupungui: yenyewe inapungua hata kwa urefu, na ubao wenye kipande chake upande mmoja utapinda kama upinde hata ukiukausha kwa adabu zote. Vilevile mbao ya karibu na kiini cha mti mchanga. Ukiwa dukani, usianze na uso wa ubao. Piga magoti usome ncha. Pete zikiwa zimejikunja sana na kiini kinaonekana, uache. Pete zikiwa zimesimama wima dhidi ya uso, huo utatulia kuliko wenzake, uchukue hata kama una fundo moja baya. Nusu saa ya kuchagua mbao inakuokoa Jumamosi kadhaa.

Msumeno wa meza sasa. Sikukatazi milele, nakuomba usubiri. Mbao mbichi au yenye mvutano ndani yake, ukiipasua, pande mbili zinaweza kujifunga nyuma ya msumeno, zikalibana jino linalozunguka, na ubao ukarushwa kuja kwako kabla hujajua kimetokea nini. Mkono unafuata ubao. Vidole vyako kumi ndivyo vinavyolisha nyumba, na hilo fundi mwenye busara analiweka kwenye hesabu kama anavyoweka bei ya gundi. Kwa kabati moja kila baada ya miezi kadhaa, randa ya mkono iliyonolewa vizuri, msumeno wa mkono, patasi tatu na jiriwa imara vinatosha. Kupasua na kupiga randa mbao ndefu waachie wenye mashine, wanalipwa kidogo kwa kila futi. Tena, wewe unatafuta kupumzisha kichwa. Kelele ya mashine haipumzishi. Vumbi nalo usilichukulie poa: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule na mkongo huwasha pua na ngozi hata kwa kazi ya saa moja. Vaa barakoa inayobana vizuri, pigia msasa nje.

Yapo mambo ambayo maandishi hayamalizi. Kunoa randa na patasi jifunze kwa kukaa ubavuni mwa anayejua, atakushika mkono ujue pembe. Kutumia mashine yoyote ya umeme, vivyo hivyo, kabla ya kununua. Hapa Moshi tuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, ambako mambo ya mbao, upasuaji na ukaushaji ndiyo kazi yao. VETA nako wanafundisha useremala, na Arusha wapo. Uliza kama wana mafunzo mafupi ya watu wenye kazi zao. Na ukiona chini ya kabati unga laini kama wa ngano, pamoja na matundu madogo ya mviringo kwenye mbao, hilo si suala la unyevu tena: ni bungua. Toa vitabu, litenge kabati na samani nyingine, umwite mtu wa kudhibiti wadudu aje alione kwa macho. Ukiona vijia vya udongo ukutani nyuma yake, ni mchwa, na hapo anayehitaji kukaguliwa kwanza ni nyumba.

La mwisho nalifanya la leo, lisisubiri Jumamosi. Mtoto wa miaka mitatu ataona rafu ni ngazi. Kabati la mita mbili lenye kina cha sentimita 20 na vitabu juu linaanguka kwa urahisi kuliko unavyofikiri, na mkeo kuliogopa ni haki yake. Hamishia vitabu vizito rafu za chini sasa hivi. Kisha nunua vyuma viwili vyenye umbo la L, vifunge juu ya kabati na ukutani kwa plagi na skrubu ndefu, vishike tofali lenyewe, si lipu tu. Kwenye upande wa mbao, tundu la skrubu lirefushe kwa ukubwa wa milimita tatu nne kufuata upana wa ubao, skrubu iwe na mahali pa kutelezea mvua zitakaporudi.